Bakuli la Shangazi Zuwena

Harufu ya asubuhi ile bado ninayo: tui la nazi na iliki vikichemka pamoja na kitu kilichonukia kama peremende. Shangazi Zuwena, dada wa marehemu baba, alikuwa amekuja kwetu Bagamoyo kutoka Uarabuni na maboksi ya nafaka za watoto, zilizochanganywa na vipande laini vya sukari, vya waridi, kijani na manjano. Mama hakuambiwa zinaliwaje. Nafaka zote alizozijua zilipikwa, basi na hizi akazipika uji. Vile vipande vikayeyuka, sufuria ikageuka zambarau, nasi watoto tukazunguka bakuli moja tukala mpaka likang'aa. Shangazi alipoona alicheka hadi akashika mbavu.

"Wifi! Hizi humiminiwa maziwa baridi tu."

"Maziwa baridi asubuhi?" Mama akajibu. "Unataka wanangu washikwe na chango?"

Shangazi hakuja kututembelea tu. Hakujaliwa mtoto, na alitaka kunichukua mimi, mtoto wa kiume pekee wa kaka yake, nikaishi kwake nisome huko. Tangu siku ile akawa ananimiminia bakuli langu peke yangu barazani, dada zangu wakitazama kwa mbali. Mchovya asali hachovyi mara moja. Haikupita wiki nikaanza kumfuata kama kifaranga, na uji wa mama nikawa nauita chakula cha wagonjwa.

Ikafika asubuhi ya kuulizwa. "Haya baba, unakwenda nami au unabaki?"

"Nakwenda," nikasema, mdomo umejaa sukari.

Mama alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi. Hakuinuka. "Haendi."

"Wifi, huyu ni damu ya kaka yangu."

"Na kaka yako kaniachia mimi. Mletee zawadi utakavyo, nitampikia. Lakini mwanangu hachukuliwi kwa bakuli."

Shangazi akapanda basi peke yake. Masika yote nilimnunia mama, nikathubutu kumwambia kwamba amenifungia riziki. Hakunipiga. Alinisogezea uji, nikausukuma, akausogeza tena.

Leo maboksi yale yanauzwa hapa hapa mjini, na wajukuu zangu hula kila mmoja na bakuli lake, macho kwenye simu. Mwanangu mkubwa hunitania: "Mzee, ungekwenda, leo tungekuwa matajiri." Huenda. Masomo yangu yaliishia kidato cha nne, na duka langu nililifilisi kwa uvivu wangu, simsingizii mtu. Ule mdomo niliomfumbulia mama naujutia mpaka kesho. Kubaki sijutii, na anayenihurumia aiweke huruma yake. Mama alipougua, mimi ndiye niliyemgeuza ubavu. Alipofariki, mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea. Kazi hiyo haitumwi kutoka Uarabuni.