Salongo niliyofanyisha batoto ba Uccle

Bon, hii habari mumeisha kuisikia hapa kwetu Bulaya, mu barabara ya Chaussée de Wavre, na kila muntu anaongezaka yake (kuko mwenye anasema nilileta hata majembe), donc muache niwaelezee mi mwenyewe, sababu aibu ni yangu.

Ile mwaka nilikuwa najifunza ualimu, mi mwenye niliacha masomo kwetu Bukavu mu quatrième na nikachekelea bale babaki. Ilikuwa contrat: siku tatu uko mu classe ya batoto pamoja na mwalimu mukubwa, siku mbili unasoma wewe mwenyewe, na mwisho wa mwezi banakulipa. Lakini mwisho wa trimestre, ile miezi tatu ya masomo, mwalimu mukubwa lazima aweke signature. Asipoweka, unarudia kuosha sahani mu restaurant, na mi sahani nilikuwa nimeosha ya kutosha.

Mwalimu wangu alikuwa Madame Josiane, mama wa kimya, kule Uccle, mutaa wa batajiri, kwenye hata miti iko na adabu. Vendredi moja, siku ya mwisho ya juma, trimestre inakaribia kuisha, saa kidogo mbele ya bazazi kuingia kuangalia madaftari, directeur akamwita. Akaniachia batoto vingt-quatre, makumi mbili na ine, ba miaka huit, munane, akasema tu bamalize kupaka rangi. Mutoto moja akamwanga maji ya rangi, bengine bakakanyaga, nikaona alama za miguu za bleu mpaka kwa mulango.

Hapa njo nilikosa. Muntu wa hapa angeita mama wa kupangusa. Mi nikafikiri kama muntu wa Zaïre: kwetu masomoni kila juma ni salongo, batoto banafagia, banapangusa, banaimba, hakuna mwenye kuuliza. Nikasema, alors, mutoe viatu, mukunje patalon. Nikakamata sabuni mu kabati, nikamwanga chupa yote (kwetu sabuni ilikuwaka haba, roho yangu ikafurahi), nikagawa carreaux, vile vigae vya chini: batoto batatu, mustari moja. Na wimbo nikabafundisha. Furaha ile sijaionaka. Mutoto wa ambassadeur alikuwa kwa magoti, anasugua kama muntu analipwa, anagombana na benzake eti mustari yao iko murefu.

Povu ikapanda, ikapita chini ya mulango, ikaenda mu couloir, kule inje kwenye kupita, na njo bazazi balikuwa banafika, mapema, na masuti yao. Muzazi wa mbele, papa moja, akateleza, akaingia mu classe akiwa amekaa kwa matako, akasimamishwa na meza yangu. Nyuma yake directeur, nyuma ya directeur Madame Josiane. Batoto bote bakaacha wimbo. Ni mi peke yangu nilikuwa ningali naimba, mugongo kwao, torchon ya kupangusa mukononi.

"Monsieur," directeur akasema polepole, "hii ni nini?"

Nikatafuta Kifaransa ya salongo, nikakosa. Nikasema: "Ni calcul." (Ni kusema hesabu. Uongo mutupu, sijui ilitoka wapi.)

Ule papa, angali chini mu povu, akageukia binti yake, mutoto mwenye tulipiganaka na kuzidisha tangu masomo ifunguke na hakuna kitu kiliingia, akamuuliza: calcul gani?

"Mistari huit," mutoto akajibu, "na kila mustari iko na carreaux douze, kumi na mbili. Ni nonante-six, papa. Hakuna mwenye anafanya mingi kupita mwengine."

Mi mwenyewe nikahesabia mu kichwa kwanza: makumi kenda na sita. Ilikuwa kweli.

Papa akacheka. Directeur hakucheka hata kidogo. Madame Josiane akanibakiza niondoe povu peke yangu, mara tatu, mpaka bote bakatoka. Kiisha akakamata mu sac yake karatasi yangu ya signature, akaandika jina yake pole pole.

"Lundi, juma ikianza, utafundisha calcul wewe," akasema. "Batoto bakiwa na viatu."

Nikaapa: sabuni mbele ya batoto, kamwe tena. Na lundi nilifika concierge, mulinzi wa mulango, hajafika bado, viatu yangu mwenyewe ingali na maji, nikangoja bafungue.