Meza Yangu Katika Tembe la Wakwe

Zama za Wadachi, mvua iliposhusha paa la chumba cha makarani pale bomani Dodoma, bwana mkubwa aliniambia nikafanyie kazi nyumbani mpaka paa lijengwe upya. Kazi yenyewe ilikuwa kunakili barua za zamani za majumbe, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, niziweke katika herufi za Kizungu. Nilipewa bunda zima na mwezi mmoja.

Nyumbani kwangu kulikuwa ukweni. Mimi mtu wa pwani, nilioa Mgogo, tukawa tunaishi katika tembe la mama yake. Tembe lile halikuwa na dirisha. Ukiingia mchana wa jua kali unapapasa. Basi nikageuza sanduku la mafuta ya taa kuwa meza, nikaliweka mlangoni penye mwanga.

Sikudumu siku tatu. Kila aliyepita alinisalimu, na salamu za huko hazikatizwi: utaulizwa watoto, utaulizwa ng'ombe, utaulizwa mvua. Wino ulikauka kwenye kalamu. Baya zaidi, kwa desturi yao mkwe na mama mkwe hawapitani karibu. Mimi nimeziba mlango, naye yumo ndani na mtungi wake, hawezi kutoka kwenda kisimani. Nikamsikia akimwambia mke wangu, kwa sauti ya kunifikia, "Muulize mumeo, leo tutakunywa wino?"

Nikahamia juu ya tembe, kwenye paa tambarare la udongo, kando ya uwele ulioanikwa. Huko mwanga ulikuwa tele, ila jua lilinichoma kisogo. Nilikaa, nikasimama, nikasogeza sanduku, nikakaa tena. Mistari miwili, nasimama. Siku ya pili upepo ukapeperusha barua moja. Niliposhuka mbio, mbuzi alikuwa anatafuna kipande cha mwisho.

Usingizi ulinipaa. Nilikumbuka tu kwamba barua ile ilitoka kwa jumbe mmoja wa upande wa Ihumwa. Asubuhi nikaenda kwake kwa miguu, nikamkuta akitengeneza zizi.

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba. Boma linataka nini tena?"

Nikamweleza ukweli wote, hata habari ya mbuzi. Hakucheka. Alisema barua ile ilikuwa ya kuomba vijana wake watatu waliochukuliwa kazi ya reli warudishwe wakalime.

"Walirudi?" nikauliza.

"Wawili."

Nikashika kalamu, nikasita. "Niandike ilivyokuwa siku ile, au ilivyo sasa?"

"Andika watatu," akasema. "Niliomba watatu."

Akanitajia maneno yake polepole, kwa kumbukumbu, nami nikaandika nikiwa nimechuchumaa, karatasi juu ya goti. Nilipomaliza akaniuliza kama bomani kuna jibu lake. Katika bunda lile sikuwa nimeona jibu la mtu yeyote. Nilimwambia hivyo, nikaondoka bila kuweza kumtazama usoni.

Nilirudi nikakuta ukuta wa tembe umetobolewa tundu la ukubwa wa ungo, na mke wangu akifagia udongo.

"Nani kafanya hivi?"

"Mama, kwa jembe lake. Anasema ukae hapo ndani, mlango umwachie."

Nikaweka sanduku chini ya tundu lile. Mwanga uliniangukia mkononi, upepo haukunifikia, na wapita njia waliona kichwa tu wakaendelea na safari zao. Kazi ilikwenda. Lakini moyo haukutulia. Kila barua niliyoinakili, kwanza niliipekua nyuma na pembeni, nikitafuta neno lolote la jibu.

Siku ya mwisho wa mwezi nilipeleka bunda bomani. Bwana mkubwa aliangalia ukurasa wa juu, akausifu mwandiko wangu, akazifungia zote kabatini. Nilitaka kumtajia vijana watatu wa Ihumwa. Nilisimama pale mpaka akaniuliza nangoja nini.

"Hakuna, bwana," nikasema, nikatoka.