Kilemba cha Baba Mkwe Kortini

Niliingia katika kanisa la wavaa vilemba kwa ndoa, na niliingia na shingo ngumu. Nilikuwa nimelelewa kwa wamishenari, ambako watu waliimba kwa utaratibu na ngoma ilihesabiwa kuwa ya shetani. Sasa nikajikuta navua viatu mlangoni na kuomba kwa ngoma ndani ya banda ambalo zamani mzungu alifugia ndama. Shamba lilikuwa la mzungu huyo, nje ya Eldoret upande wa barabara ya Moiben. Baada ya uhuru aliliuza, na watu wetu kutoka Mkoa wa Kati wakaunda kampuni, wakachanga hisa, wakalinunua, wakagawana ploti kwa kuokota karatasi zenye namba ndani ya kofia. Ploti yenye banda la ndama haikutiwa kofiani. Mwenyekiti wa kampuni alisimama mbele ya mkutano akawapa watu wa vilemba, wapate pa kuabudia.

Nilikuwepo, kwa sababu niliwaletea wazee uji. Karani wa kampuni alipotaka kuandika jambo hilo, baba mkwe wangu, aliyekuwa mzee wa kanisa, alimzuia.

"Si amesema ndiyo mbele ya watu? Ndiyo ni ndiyo. Weka kalamu chini."

Kosa kama hilo angelifanya nani mwingine? Siku zile watu walilalia karatasi za ardhi kichwani, na huyu anaandikiwa ya bure, anakataa!

Miaka michache baadaye mwenyekiti yule aliuza hisa zake, akarudi Kati, akafia huko. Mwenyekiti mpya alilitaka banda letu aweke posho mill, mashine ya kusagia unga. Alitupa mwezi mmoja tuwe tumetoka, wazee wakakimbilia korti ya Eldoret. Hatukuwa na hata kipande cha karatasi, na wenye hisa wengine walimwogopa mwenyekiti. Kanisa lote lilisimama juu ya ulimi wa baba mkwe wangu.

Siku ya kwanza karani wa korti alimwita kizimbani.

"Mzee, toa hiyo kilemba, shika Bible, uape."

"Kilemba ni ya ibada, siwezi toa," baba mkwe akajibu. "Na kuapa, mimi siapi."

Hakimu aliahirisha kesi wiki mbili. Alituambia tulete shahidi anayeweza kuapa, la sivyo kesi itatupwa.

Kwetu, mke wa mtoto habishani na baba mkwe. Lakini njiani kurudi nyumbani maneno yalinitoka.

"Baba, si ungetoa tu dakika mbili? Mungu angefumba macho."

Alipunguza mwendo nimfikie. Kisha akasema, "Wakati ya imajensi, tukipigania uhuru, niliapishwa msituni. Serikali ikanishika, ikaniapisha tena nikane ile ya kwanza. Kila upande iliniambia nikidanganya nitakufa. Nilidanganya wote wawili, mama, ndiyo niishi. Nilipookoka nilimwambia Mungu hii mdomo haitaapa tena. Kama wanataka banda, wachukue."

Niliona aibu hadi nikashindwa kumtazama.

Wazee wakaamua niwe shahidi mimi. Nilikuwa sijabatizwa kwao, kwa hiyo katazo lao la kuapa halikunifunga, sikuwa na kilemba, na siku ya mkutano nilikuwepo na uji wangu. Niseme kweli, kichwa kilinivimba. Nilijiona mkombozi wa kanisa zima.

Siku yetu ilipofika, kesi iliyotangulia ilikuwa ya lori lililogonga ng'ombe. Shahidi alikuwa Msomali mmoja mwenye malori. Karani aliiweka Biblia kando, akampa Kurani, naye akaapa huku kofia yake nyeupe iko kichwani. Hakuna aliyemwambia aivue. Niliitazama kofia ile, nikageuka nikakitazama kilemba cha baba mkwe kwenye benchi la nyuma. Damu ikanichemka.

Nilipoitwa, karani alinipa Biblia. Sikuishika.

"Mheshimiwa, kabla sijaapa niko na swali."

"Shahidi haulizi, anaulizwa!" karani akafoka.

Hakimu akainua mkono. "Uliza."

"Yule bwana amepewa kitabu ya dini yake, na kofia hajaambiwa atoe. Huyu mzee wangu dini yake imemwambia asiape. Kwani yeye hana serikali?"

Watu walicheka. Hakimu hakucheka. Alimtuma karani kitabu cha sheria, akakifunua polepole. Mwishowe alisema kwamba mtu ambaye dini yake inamkataza kuapa anaweza kuahidi tu kusema kweli, na ahadi hiyo ina uzito uleule wa kiapo.

"Mwiteni mzee," akasema. "Na kilemba kikae."

Baba mkwe akaahidi, akaeleza yote kuhusu mkutano. Kisha mwenyekiti mpya akasimama kumuuliza.

"Kwa hivyo unasema mlipewa ploti yote, mpaka kwa barabara?"

Moyoni nilikuwa namsihi aseme ndiyo.

"Hapana," akajibu. "Tulipewa mpaka kwa ule mti ya mkaratusi. Kutoka hapo mpaka barabara tulijiongeza. Kuna viazi za huyu bibi ya kijana yangu hapo."

Viazi vyangu! Nilitamani ardhi inimeze. Mwenyekiti mwenyewe hakuwa akijua.

Hakimu aliweka kalamu chini akamtazama baba mkwe. Alisema mtu aliyekuja kuidanganya korti hawezi kujinyang'anya mwenyewe. Banda likawa la kanisa hadi kwenye mkaratusi, na kipande kilichobaki kikarudi kwa kampuni. Wamama walipiga vigelegele mpaka tukafukuzwa nje.

"Baba, hata hakuwa anajua!" nilimwambia barabarani, nikicheka na kulia pamoja.

"Mimi nilikuwa najua," akasema.

Mwenyekiti alijenga posho mill yake kwenye kipande hicho cha barabarani, na tukawa tunasagia mahindi yetu hapo. Kabla hajachimba msingi niliving'oa viazi vyangu, vikiwa bado vichanga, nikalipikia kanisa zima siku niliyobatizwa. Baba mkwe mwenyewe ndiye aliyeniuliza mbele ya watu kama ninaamini. Nilisema ndiyo, mara moja tu, na hakuniuliza tena.