Bunduki ya Baba Chini ya Kanga za Mama

Siku tuliyokwenda arusini Al Hamra, baba yangu alitaka magari yote yatupite. Kwa kawaida yeye ndiye mwenye haraka. Akikaa kiti cha mbele huniuliza kama mguu wangu umelala. Mara hii aliniambia nipunguze mwendo kabla hatujatoka mjini kwetu, Ibra, akaniambia tena tulipoingia barabara kuu, na mara ya tatu nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba tukizidi kupunguza tutaanza kurudi nyuma. Hakucheka. Alikuwa akitazama mbele tu, mkono mmoja juu ya mfuko wa kanzu yake, mlimokuwa na kadi ya rukhsa.

Rukhsa ile ilikuwa ya bunduki. Bunduki yenyewe ilikuwa nyuma ya kiti changu, haina risasi hata moja, imezungushiwa kanga mbili za mama na kufunikwa kwa mabegi. Ndivyo alivyoelekezwa siku aliyopewa rukhsa: akiichukua njiani, iwe tupu na iwe imefunikwa. Kila kitu kilikuwa halali. Nasema hivi mapema kwa sababu kuna muda siku ile hata mimi nililisahau hilo.

Ni bunduki ya zamani, kitako chake cha mti, na mtutu umefungwa vipande vya fedha. Aliirithi kwa mjomba wa mama yake, mzee wa Ibra aliyempokea alipokuja kutoka Unguja akiwa kijana asiyejua Kiarabu cha hapa. Vijana wenziwe walikuwa wakimwita Mzinjibari, na si kwa mapenzi. Yule mzee alipofariki, watu wakakuta amemuachia bunduki yeye, si wajukuu zake. Kwa wanaume wa huku bunduki kama ile ni ya arusi na sikukuu, wanaposimama mistari miwili wakaimba na kurusha mapanga juu, ngoma ambayo wenyewe huiita razha. Mwenye bunduki ana mahali pake katika mstari. Baba alipata mahali pake akiwa na miaka zaidi ya thelathini, na tangu hapo kila Ijumaa huipangusa kwa kitambaa chenye mafuta, wala haruhusiwi mtu kumsemesha. Mama humtania kwamba yule ndiye mke mdogo.

Mama alikuwa ametangulia Al Hamra na wanawake wenziwe, kupika na kupiga soga, na angebaki huko wiki nzima. Kwa hivyo garini tulikuwa wawili tu. Macho ya baba hayaoni vizuri tena, ndiyo maana naendesha mimi, binti yake, jambo ambalo hajanisamehe.

Kabla ya kufika Bidbid tukaona koni barabarani na magari mawili ya polisi. Siku zile kulikuwa na maneno ya watu wanaowinda paa nyikani, na askari walikuwa wakisimamisha magari. Mimi sikushtuka. Leseni ninayo, mulkiya, ile kadi ya umiliki wa gari, haijaisha muda, na faini zangu zote ni za mwendo. Nikateremsha kioo.

Askari alikuwa kijana mwenye ndevu zilizopunguzwa vizuri, na mwenye adabu. Alitoa salamu, akatazama leseni na mulkiya, akauliza tunatoka wapi na tunakwenda wapi. Kisha akainama ili amuone baba, akauliza kwa upole kabisa kama tuna silaha yoyote garini.

"Ma shay," baba akasema. Hapana kitu.

Nikamgeukia. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi na midomo imemkauka. Askari akauliza mara ya pili, akimwita ami kwa heshima, "Hamna silaha, ya ammi? Bunduki, chochote?" Baba akajibu, "Ma shay, wallahi."

Wallahi ile ndiyo iliyonitia hofu. Baba yangu haapi. Alitukataza kuapa tangu tukiwa wadogo, hata kwa mambo ya kweli.

Nikamwambia kwa Kiswahili, "Baba, si ipo nyuma? Muonyeshe kadi."

"Usiseme," akasema. Akanishika mkono, ule uliokuwa juu ya gia. "Mwanangu, usiseme kitu. N'nakuomba."

Hilo lilikuwa kosa jengine, kusemezana kwa lugha ambayo askari haijui. Nilimuona alivyotutazama, kwanza mimi, kisha mkono wa baba ulionishika, kisha mabegi ya nyuma. Adabu yake haikupungua, lakini alirudi nyuma hatua moja na kumwita mwenziwe. Akaniambia niegeshe pembeni na nizime gari.

Kutoka pale mpaka pembeni ni mwendo wa hatua chache tu, na niliuendesha kwa hofu ambayo sijawahi kuijua. Nilijua wataikuta. Wakiikuta wenyewe, baada ya kiapo kile, itakuwa ni bunduki iliyofichwa na mtu aliyeapa uongo, na sikuona kadi itamsaidia nini. Watamnyang'anya bunduki. Pengine watamchukua na yeye, mzee wa miaka sabini mwenye maradhi ya sukari, wakamlaze kituoni. Nikisema mimi kwanza, nitakuwa nimemfanya baba yangu muongo mbele ya kijana anayeweza kuwa mjukuu wake. Katika nyumba yetu mtoto hampingi baba yake mbele za watu, hata akiwa na watoto wake mwenyewe, hata akiwa mwalimu anayefokea darasa zima kama mimi. Na mkono wake ulikuwa bado umenishika, na mimi nilimkasirikia. Nasema kweli, nilimkasirikia kuliko nilivyomuonea huruma.

Askari alipofika dirishani, nikasema.

"Baba yangu amesahau," nilimwambia kwa Kiarabu. "Bunduki ipo, nyuma ya kiti changu, chini ya mabegi. Haina risasi. Rukhsa anayo mfukoni."

Baba akauachia mkono wangu.

Wakatuambia tushuke taratibu, mikono ionekane. Baba alishuka upande wake, na kabla mtu hajamwambia neno jengine akageuka akalikabili gari, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, akafumba macho. Hakuna aliyemuamuru. Yule kijana alikuwa ameshaitoa bunduki na anafungua kanga, akaiona hali ile, akasita.

"Ya ammi, shusha mikono," akasema.

Baba hakushusha. Askari akamwambia mara ya pili, na mara ya tatu. Magari yalikuwa yakipita polepole, watu wakitukodolea macho. Mwishowe akampa mwenziwe bunduki, akamwendea baba, akamshika mikono na kuiteremsha yeye mwenyewe, mmoja baada ya mwengine, kisha akamuuliza kama anaumwa.

Walisoma kadi, wakailinganisha na nambari iliyochongwa kwenye bunduki, wakapiga simu, wakasubiri. Jua lilikuwa kali. Niliwaza nitamwambia nini mama, nitaanzia wapi, na kwamba vyovyote nitakavyoeleza, mwisho wake ni kwamba mimi ndiye niliyesema. Yule kijana alimletea baba chupa ya maji. Baba aliishika bila ya kuifungua.

Baada ya muda mrefu kijana akarudi na kadi. Rukhsa iko sawa, alisema. Ila ataandika kwamba mwenye silaha aliulizwa akakana, na ikitokea tena mambo hayatakuwa mepesi. Akaizungushia bunduki kanga zake, vibaya, kama mwanamume yeyote anavyokunja kanga, akairudisha garini. Kisha akauliza, na nadhani alijiulizia mwenyewe tu, si kwa ajili ya kazi: "Kwa nini ulisema huna, ya ammi? Ni yako. Ungesema tu."

Baba alitazama chini. Akafungua mlango, akaingia garini.

Tuliipita Bidbid, tukashika njia ya Al Hamra. Hofu ilipoanza kunitoka, hasira ikachukua nafasi yake, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilikuwa nayo mengi na mazuri. Nikasimama kituo cha mafuta, nikanunua chai mbili za maziwa, nikampa yake, tukabaki tumekaa garini.

"Baba," nikaanza, "rukhsa unayo."

"Baba yangu nae alikuwa nayo," akasema.

Nilijua kwamba babu yangu alifia Unguja wakati wa mapinduzi. Hilo ndilo lililokuwa likisemwa nyumbani, na hakuna aliyeuliza zaidi. Sasa baba, huku akiitazama chai yake, akanieleza. Walikuwa wakikaa shamba. Babu alikuwa na bunduki ya kufukuzia kima, na karatasi yake ya serikali alikuwa nayo ndani ya sanduku la nguo. Watu wenye silaha walipokuja wakauliza kama mna bunduki, babu akasema hamna. Baba alikuwa na miaka tisa, amesimama karibu na mlango.

"Chuoni, tulikosoma Kurani, mwalimu alitufunza tusiseme uongo," baba alisema. "Mie nikadhani baba kasahau. Nikawambia ipo, juu ya dari."

Walimchukua babu pamoja na bunduki yake. Nyumbani hawakumuona tena. Bibi yangu aliwalaumu majirani mpaka alipokufa, na baba alimuacha awalaumu. Alikuwa hajamwambia mtu, hata mama yangu, ambaye ameishi naye zaidi ya miaka arubaini.

Yale maneno niliyoyapanga njiani hayakuwa na mahali pa kwenda. Niliona aibu kwa kila moja. Nikamshika mkono, naye akaniacha nimshike.

"Leo nilipoona wanakuja," akasema, "mie yangu sikuyaogopa sana. Mie mtu mzima, wakinichukua wamenichukua. Nilikuwa nakuogopea wewe. Ukisema wewe, nikenda nisirudi, utaishi vipi?"

Tulikaa pale mpaka chai ikapoa, wala hatukuinywa.

Al Hamra tulifika alasiri, mistari ya wanaume imeshapangwa na ngoma inalia. Watu wa kule wanamjua, wakamsogezea nafasi. Baba akawaambia bega linamuuma. Akakaa kwenye mkeka na wazee walioshindwa kusimama, akapiga makofi kidogo kila panga liliporushwa, na bunduki ikabaki garini chini ya mabegi. Mama aliniuliza kama tumegombana njiani. Nikamwambia hapana, joto tu. Usiku sikulala vizuri. Kila nilipofumba macho nilimuona baba amesimama ameinua mikono, na mara nyengine alikuwa na umri wa miaka tisa.

Kesho yake tulipokuwa tukirudi Ibra, askari walikuwapo tena, mara hii upande wa kurudi, wala hawakuwa wale wa jana. Nilipoziona koni nilipunguza mwendo kabla ya kuambiwa. Lakini hawakuwa wakisimamisha kila gari. Askari aliyekuwa mbele yetu aliona mwanamke na mzee, akatupungia mkono tupite. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, nikakanyaga mafuta.

"Simama," baba akasema.

Nikamwambia wameturuhusu.

"Simama, nakwambia."

Hiyo ilikuwa sauti yake ya zamani, ambayo sijaisikia tangu nikiwa mtoto. Nikasimama. Nyuma yetu gari likapiga honi. Baba akateremsha kioo chake, akatoa kichwa nje, akamwita askari. Akamwambia kwamba yeye ana bunduki, iko nyuma ya kiti cha binti yake, haina risasi, na rukhsa yake hii hapa. Aliyasema yote bila ya kuvuta pumzi, macho kayakaza juu ya uso wa yule askari, kama mtu anayesubiri kuchukuliwa.

Askari akaichukua kadi, akaitazama mbele na nyuma, akaangalia nyuma ya kiti changu kwa kupitia dirishani, akamrudishia.

"Allah yahfadhak, ya ammi," akasema, akimuombea Mungu amhifadhi. "Sikukuuliza. Piteni."

Baba akapandisha kioo. Kanzu ilikuwa imemganda mgongoni kwa jasho, na ilimchukua muda kuirudisha kadi mfukoni. Mimi nilikuwa nimemkodolea macho tu, na lile gari la nyuma likapiga honi tena.

"Akitakiwa mtu wa kusema, nitasema mie," akaniambia. "Wewe endesha gari."