Ng'ombe Wangu Walipona, Nikaitwa Mbarikiwa

(Barua ya msomaji wetu wa Karagwe. Jina lake na la kijiji chake tumeyaficha, kama alivyotuomba.)

Wasomaji wenzangu, salaam. Mimi ni mzee wa miaka sitini na zaidi, kifua kimenishika, na sidhani kama nitauona msimu mwingine wa mvua. Nilijifunza kusoma nikiwa kijana, ng'ambo ya mto Kagera, nikarudi na dini hii kabla kanisa halijajengwa huku. Watu huniita mbarikiwa. Jina hilo ndilo linalonitesa.

Kabla ya sotoka, ule ugonjwa uliomaliza ng'ombe, mimi na mdogo wangu tulikuwa na mazizi jirani, upande wa Kaisho. Desturi yetu wenye ng'ombe wa mlima mmoja ni kuchanga chumvi, kuikoroga katika birika la udongo, na kuyanywesha makundi yote pamoja. Mdogo wangu alikuwa mcheshi, na dini yangu ilikuwa mchezo wake. Nikisali kabla ya kukamua, alikuwa akinipigia kelele kutoka zizini kwake: "Kaka, mwambie huyo Mungu wa kitabu akushikie ndama!" Watu wanacheka. Nami nilicheka, lakini iliniuma.

Siku moja nilikutana Bweranyange na muuza nguo, Mwislamu mwenye asili ya pwani, ametoka safari ya kaskazini. Akanivuta pembeni. "Mwalimu, nilikotoka ng'ombe wanatokwa machozi, wanaharisha, siku chache wamekwisha. Wanaonyweshwa pamoja hawabaki. Watenge wako, na nduguyo mwambie leo hii."

Sikumwambia. Niliwapandisha wangu juu zaidi mlimani, mbali na birika, nikasema nafuata majani. Nilijidanganya kwamba hata nikimwambia atanicheka tu. Ukweli ni kwamba nilitaka aone, yeye na wote waliokuwa wakicheka, kwamba Mungu wangu yupo.

Zizi lake lilikwisha lote. Alinijia akiwa amekonda, mikono inanuka mizoga. "Kaka, wako hakuugua hata mmoja. Umefanya nini?"

Nikamjibu, "Nilisali. Mungu huwabariki walio wake."

Tangu siku hiyo hakunitania tena. Njaa ilipoingia nilimpelekea maziwa, akayakataa. "Hayo yana baraka, kaka. Mimi Mungu wako amenilaani, yatanidhuru." Alikufa kwa njaa mwaka uleule, akiniuliza alimkosea Mungu nini. Nilikuwa nimekaa karibu na kichwa chake, na bado sikusema. Wakati huohuo watu walikuwa wakifika kwangu kufundishwa dini, kwa sababu ya ng'ombe wale.

Mjane wake hajawahi kuingia kanisani. Wiki iliyopita alikuja na mjukuu wake, binti aliyeposwa.

"Shikamoo, shemeji. Leo sikuja kuomba chakula. Mwekee huyu mkono kabla hajaolewa, laana ya babu yake isimfuate."

"Hakuna laana, shemeji."

"Hakuna? Basi mume wangu alikosa nini?"

Nilisingizia homa, nikawaambia warudi baada ya mavuno ya maharage.

Nimefundisha habari za baraka miaka yote hii, na sasa naona sikuzielewa. Baraka yangu haikuwa ng'ombe. Ilikuwa lile neno nililopewa Bweranyange, nimpelekee ndugu yangu, nami nikalifungia kifuani.

Mchungaji nimemweleza. Anasema nimeshatubu, Mungu amesamehe, ninyamaze nisije nikaiangusha imani ya wanyonge. Labda ni kweli. Lakini Mungu akisamehe, shemeji yangu anabaki akiamini alizaa na mtu aliyelaaniwa, na binti yule anaipeleka hofu hiyo kwenye nyumba yake mpya. Na nikisema, mama mzee huyu atajua kwamba miaka yote amekuwa akimwamkia mtu aliyemfanya mjane. Pengine hata kuzikwa sitazikwa na watu wa kwetu.

Wenzangu, maharage yameanza kukauka. Nyinyi mlioingia kanisani kwa sababu ya ng'ombe wangu, nawauliza nyinyi kwanza: nimwekee binti mkono ninyamaze, au nimwambie bibi yake ukweli? Nishaurini, nifanye nini?