Ajuza Hasubiriwi

Mtu akitaka kumtukana mwanamume wa Rosendorf, mji wetu wa wakulima wa ngano, hamtaji mama yake. Humwuliza tu, kwa sauti ya upole: "Jana ulimsubiri Ajuza?" Hapo mtu mzima huweka bia chini na kukunja ngumi.

Ajuza ni treni yetu ya ngano. Kwa miaka mingi reli ilikuwa imechakaa, mataruma yameoza, na treni ilijikokota maili kumi kwa saa kama bibi anayetafuta miwani yake. Pale inapokata barabara ya kwenda ghalani hapakuwa na taa wala kizuizi. Palikuwa na kibao kimoja cha kumwambia mtu asimame, na wahuni walikitoboa kwa risasi hadi kikawa chujio. Nani asimame? Ukimwona Ajuza anachomoza kwenye miti ya shamba la Werth, una nafasi ya kuwasha sigara, kuvuta mara mbili, ndipo ukanyage mafuta na kupita mbele yake. Maharusi walipitishwa mbele yake. Lori la kwanza la mavuno lilikuwa lazima lipite mbele yake, la sivyo mwenye lori angechekwa mpaka Krismasi. Na kila mwaka walioshindania sifa hiyo walikuwa walewale wawili: Urban Dreiling, kaka yake Alvina, na Leander Leiker, mume wa Alvina.

Huyo Alvina nimekaa naye kwenye chumba cha mizani cha ghala la ushirika tangu tukiwa wasichana. Ni mfupi, ana mikono minene, na ni mzaliwa wa mwisho katika watoto tisa, kwa hiyo alijifunza kupigana kabla ya kujifunza kusali. Siku moja dereva alificha mawe chini ya ngano ili mzigo uwe mzito. Alvina hakumshtaki kwa meneja. Alimfuata nje na koleo, akamng'oa jino, akarudi kuketi na kuniuliza tulikuwa tunazungumza nini. Nampenda, lakini sitaki kumkosea.

Ndiye aliyeiokoa reli. Kampuni ilitaka kuifunga, na malori yaliyobeba ngano yetu yalikuwa yameitafuna barabara hadi ikawa mashimo matupu. Katika shimo moja lori liliyumba likawasaga wazee wa Werth, mume na mke, wakitoka kanisani. Tuliwaokota vipandevipande. Baada ya mazishi Alvina akavaa gauni lake la Pasaka akaenda Topeka, makao makuu ya jimbo, ambako serikali ilikuwa na fungu la fedha za reli na mpango wa kuamua ipi itengenezwe na ipi iachwe ife. Kwenye kikao cha kusikiliza wananchi mkubwa mmoja akamuuliza treni yenu inakwenda kasi gani. Alvina akajibu: "Kuku wangu huipita, na anasimama njiani kutaga."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Akawauliza pia lini watatuletea treni ya abiria, maana dada yake anakaa Topeka na amechoka kumwona kwenye misiba tu. Wakamwambia kwa adabu kwamba treni ya abiria imepangiwa miji iliyo kwenye reli kuu, huku kwetu ngano kwanza. Alvina akasema basi watupakie pamoja na ngano. Wakacheka tena, na fedha zikatoka. Neno lile la kuku lilizunguka wilaya nzima, na Leander alilirudia kila baa, akijivuna kwa mkewe.

Watu wa jimbo walikuja kwenye ukumbi wa parokia wakatueleza wazi. Fedha za mpango huu hazitoshi reli na taa za kwenye kivuko kwa pamoja. Mnataka kipi kitangulie? Reli, tukasema, na hakuna mkono uliobaki chini. Reli mpya ikalazwa. Tangazo likabandikwa ghalani, posta na kanisani, na padri akalisoma katika misa: treni sasa itakwenda maili arobaini kwa saa. Kila mtu alisikia. Lakini mazoea yana tabu, na sikio la kufa halisikii dawa.

Urban alikufa siku ya kwanza ya mavuno, mchana, jua likiwaka. Nilimwona kwa macho yangu kupitia dirisha la mizani. Ajuza alichomoza kwenye miti ya Werth. Urban, ndani ya lori lake mbele ya kivuko, akawasha sigara. Alivuta mara mbili, kama baba yake alivyofanya, kisha akakanyaga mafuta. Treni ilimpiga ubavuni. Lori lilikatika pande mbili, ngano ikaruka juu ya maghala, na kichwa cha lori kikaburuzwa kikipiga kelele ya chuma mpaka chini ya ukuta wetu. Alvina alifika kabla yangu. Alikuwa amepiga magoti kwenye vioo, amekumbatia kichwa cha kaka yake, na alikuwa anakifuta ngano midomoni kana kwamba hilo ndilo lililokuwa linamzuia kupumua. Sehemu nyingine za Urban zilipatikana baadaye, ng'ambo ya reli.

Ngano ile ilibaki pale, nyekundu, na kunguru wakaja kula. Alvina alichukua bunduki akawafyatulia risasi kutwa nzima. Kesho yake akarudi tena. Hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

Kwenye karamu ya mazishi alikuja dereva wa treni, Wendell Ostrander, mtu mrefu asiye wa kwetu. Alisimama karibu na meza ya mikate ya kabichi na nyama, kofia mkononi. Leander akamwendea na kumuuliza kwa nini hakupiga honi.

"Nilipiga," Wendell akasema. "Alinipungia mkono."

Leander akampiga ngumi ya pua. Wendell akaanguka na meza, sahani zikavunjika, na Leander akamkalia kifuani akaendelea kumpiga, na yule mtu hata hakujikinga. Nilisikia mfupa. Wanaume wanne walimvuta wakashindwa. Alvina ndiye aliyemaliza ugomvi, alichukua jagi la bia, zito, akalipasua begani mwa mumewe. Leander alisimama, damu za watu wawili shatini, akaapa mbele ya padri kwamba mavuno yajayo lori la kwanza litakuwa lake, na litapita mbele ya Ajuza, kwa ajili ya Urban. Na wale wapumbavu wakampigia makofi. Nawaita wapumbavu na nyumbani kwao wanajua.

Mwaka ule nyumba ya Alvina na Leander haikukalika. Alvina alibembeleza, halafu akaficha funguo, halafu akayachana matairi ya lori kwa kisu cha kuchinjia nguruwe. Leander akanunua mengine. Alvina alipiga simu Topeka mpaka wakaijua sauti yake. Walimwambia kweli: taa zimo kwenye mpango mpya, fedha zimepitishwa, mafundi watakuja baada ya mavuno. Jioni moja nilikuwa kwao nikila supu, mimi na wao tu.

"Urban alikufa kwa mazoea," Alvina akamwambia. "Wewe unataka kufa kwa sifa. Jeneza ni lilelile."

"Nani aliyemletea Ajuza mbio?" Leander akasema, hata hakuinua uso. "Kuku wako ameota mabawa, mke wangu. Kashangilie."

Nilidhani Alvina atammwagia supu ile ya moto usoni. Aliketi tu, mikono juu ya meza, na machozi yakamtoka bila sauti. Afadhali angempiga. Leander naye alijua amevuka mpaka, lakini kiburi kilimshinda, akatoka nje kupaka grisi lori lake.

Siku ya kwanza ya mavuno wanaume walijipanga kando ya kivuko na makopo ya bia kama wanaotazama mpira. Leander alikuwa juu ya kilima na lori lililojaa pomoni, injini inanguruma. Honi ikalia mbali, upande wa miti ya Werth. Alvina akaweka kalamu chini. Akachukua funguo za pikapu kuukuu ya ushirika, akatoka. Nikamkimbilia nikamkuta ameshaikingamisha katikati ya barabara, umbali wa kurusha jiwe kabla ya reli, na yeye yumo ndani ameshika usukani.

"Shuka," nikamwambia. "Iache hapo imzibie njia, wewe shuka."

"Gari tupu atalisukuma," akasema. "Ondoka hapo, Rosalia."

Lori lilikuwa linashuka kilima. Nikaruka mtaroni. Nilimwona Leander anaiona pikapu, anacheka, na halafu anaona kuna mtu ndani, na ni nani. Breki zikalia, magurudumu yakatoa moshi. Lori lenye ngano halisimami kwa sababu mtu amejuta. Liliivaa pikapu, likaipindua mara mbili, likaitupa mtaroni upande wa pili, kioo kikamwagika kama maharage. Kisha likaserereka, likaserereka tena, likasimama bampa yake ikiwa karibu kugusa reli.

Ajuza akapita. Maili arobaini kwa saa, behewa baada ya behewa, ardhi inatetemeka, na upepo wake ukachota ngano ya Leander na kuturushia sote usoni. Hakuna bia iliyoinuliwa.

Leander alitambaa kutoka kwenye lori. Meno yake ya mbele yalikuwa yamebaki kwenye usukani. Aliingia mtaroni kwa magoti akilia jina la mkewe kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena, akang'oa mlango wa pikapu kwa mikono yake, na kioo kikamkata hadi mfupa. Alvina alikuwa amelala upande, mguu wake umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki, damu puani, macho yamefumba. Leander akaweka kichwa kifuani pake kutafuta moyo.

Alvina akafumbua jicho moja. Akatema damu kwanza, kisha akasema, polepole, ili kila aliyesimama pale asikie:

"Leander. Umemsubiri Ajuza."

Hakuna aliyecheka.