Redio Ilichukua Salamu za Mama, Ikaacha Kilio Chake

Redio yetu ilinuka ngozi iliyolowa jasho. Ilivaa koti la ngozi lenye vitundu, na kila alasiri mama aliyatoa mawe yake ya betri akayaanika juani dirishani, yapate nguvu ya kusema mpaka kipindi cha jioni kiishe. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba. Redio moja ikisema, nyumba zote za jirani zasikia. Ikilia ile ngoma ya kufungulia kipindi, hata muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe. Zilisomwa habari kwanza, kisha yakaja mahojiano: mtangazaji amwendea mtu wa kawaida, amuulize dhiki yake, na wakubwa wasikie. Nasi tuliamini kwamba wanasikia. Bomba la mtaa likikauka, likatajwa jioni redioni, asubuhi fundi alikuwa ameshafika na spana yake. Nimeona kwa macho yangu. Ndiyo maana hasira yangu haijapoa hadi leo. Kama tungalikuwa hatuwaamini, wasingaliweza kutuumiza.

Mwaka huo nyumba tuliyopanga, kubwa ya ghorofa, iliyojaa wajane na watoto, ilinunuliwa na tajiri mmoja tukiwa ndani. Alitaka kuibomoa ajenge ghala. Tuliambiwa tuhame kabla ya Ramadhani. Chumba cha chini alikaa Bi Rukia, shoga yake mama, na mumewe aliyepooza kitandani. Wanawake wakakutana uani, wakasema kipindi kiitwe. Na nani atasema? Wote wakamtazama mama, kwa kuwa alikuwa na ulimi mzuri na haogopi mtu. Mimi ulimi huu nimeurithi kwake, sikuupata darasani.

Mtangazaji akaja, kijana wa bara mwenye viatu vya kung'aa, kinasa sauti kimening'inia begani. Mama alijifunga leso mpya, akaketi barazani, nami nikaketi ubavuni pake. Kijana akamuuliza, "Mama, habari za hapa?" Basi mama akajibu kama tulivyolelewa sote. Kwetu hata mwenye maiti ndani, akiulizwa hali, hushukuru kwanza, akamkaribisha mgeni, akawaombea dua wakubwa waliomtuma, ndipo afungue la moyoni. Anayeanza na shida yake huambiwa hakufunzwa adabu. Mama akasema, "Alhamdulillahi, hatuna neno. Karibu mwanangu. Twawashukuru wakubwa kwa kutukumbuka, Mungu awazidishie." Halafu akavuta pumzi, akasema yote. Alisema mpaka wanawake waliokuwa mlangoni wakafuta machozi kwa ncha za leso zao. Kijana akatikisa kichwa, akasema asante mama, akaenda zake.

Jioni ua ulijaa. Watu waliketi ngazini, wengine juu ya ukingo wa kisima. Ngoma ikalia, habari zikasomwa, kisha sauti ya mama ikatoka kwenye ile ngozi, safi kama aliye mbele yetu: "Alhamdulillahi, hatuna neno. Twawashukuru wakubwa kwa kutukumbuka." Basi. Akaingia mtangazaji akasema hivyo ndivyo wakaazi wa Mji wa Kale walivyoupokea mpango wa kuendeleza mtaa wao, wakapiga muziki. Mama aliendelea kuitazama redio kama mtu aliyekatizwa, anayengoja apewe zamu yake. Bi Rukia ndiye wa kwanza kusimama. Akajitanda leso, akasema polepole, "Umelishwa nini, shoga, hata ukatuuza huku unashukuru?" Mtu mmoja akacheka. Mama alieleza, akaapa, akamshika mkono, wapi. Sauti ilikuwa yake, na redio haikuwahi kusema uongo. Wanawake walipokwenda ofisini kwa wakubwa kulalamika, walijibiwa kwamba msemaji wao mwenyewe amesikika akisema hawana neno.

Tulitolewa. Sisi tulivuka Feri tukakaa Likoni, wengine wakatawanyika. Shule nikaiacha darasa la nne, nikaenda Biashara Street kubeba marobota ya leso begani. Leo maduka mawili ya mtaa huo ni yangu, na wenye digrii huja kuniomba kazi wameshika vyeti kwa mikono miwili. Nasema wazi wala sioni haya: nimejijenga mwenyewe. Lakini mama alikufa akiitwa muuza nyumba, na jina lake, kwa mali yangu yote, sijaweza kulikomboa.

Sasa kipindi kile kinasherehekea kutimiza miaka mingi hewani. Juzi amekuja dukani kijana wao, hana kinasa sauti, ana simu tu. Ati wanatayarisha historia ya kipindi, wanatafuta msikilizaji wa zamani awape pongezi. Nikamwambia nitasema, ila kwanza mniletee ule utepe wa mama. Akanijibu kwa adabu kwamba siku hizo tepu zilikuwa ghali, zilifutwa zikarekodiwa upya. Nikamwambia basi nitayasema mimi maneno yake, nawe uyatoe mazima. Akajikuna shingo. "Mzee wangu, mimi narekodi tu. Wa kukata yuko ofisini." Nikamwonyesha mlango. Redio ya ngozi imekufa, wale waliokusanyika uani kila mmoja ana yake mfukoni, lakini mkasi ni ule ule, nao ungali kwenye meza ya mtu asiyetujua.

Bi Rukia yu hai, amezeeka, wajukuu humsomea magazeti. Basi wamsomee na haya. Nilikuwa ubavuni pa mama, aliyoyasema nayakumbuka neno kwa neno, na hapa hakuna wa kuyakata: "Lakini, mwanangu, nyumba hii ikivunjwa hatuna pa kwenda. Mimi na wanangu tutalala hata kwa watu, tuna miguu. Yuko mwenzangu chumba cha chini, Rukia, mumewe hajiwezi hata kugeuka. Waambie hao wakubwa, kama nafasi ni moja, mimi wanitoe. Wamwache Rukia."